Seva za Kabatini: Chombo cha Majumba Makubwa katika Ofisi Ndogo

Katika maduka yauzayo vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika huonekana mara kwa mara sanduku la chuma ambalo mtu asiyelijua hawezi kukisia kazi yake. Ni pana, ni refu la kwenda nyuma, lakini kimo chake ni kidogo, mfano wa droo iliyochomolewa mezani. Halina kioo cha kutazamia wala kibao cha herufi. Usoni pana safu ya vijisanduku vyenye vishikio, na nyuma pana matundu ya nyaya. Muuzaji husema kwamba hiyo ni seva, kwamba ilikuwa mali ya benki au ya kampuni kubwa, na kwamba bei anayoitaka si kitu mbele ya bei iliyonunuliwa nayo ilipokuwa mpya. Aghalabu maneno hayo ni kweli. Hata hivyo mwenye ofisi ya watu kumi, atakaye mahali pa kuweka daftari zake za hesabu, orodha ya wateja na barua zake, hawezi kuamua kwa bei peke yake. Yampasa ajue kwanza chombo hicho kiliundwa kikae wapi, na kitunzwe na nani.

Neno seva limetoholewa kutoka Kiingereza, na maana yake ya asili katika lugha hiyo ni mtumishi. Mtu angeliweza kulitafsiri hivyo, lakini tafsiri hiyo ingelichukua viambishi vya watu, na ingekuwa kazi ngumu kumweleza karani kwamba mtumishi amezimika na fundi ameitwa amfungue. Matumizi yamekwisha kulikata shauri: seva imezimika, seva zimezidiwa, seva yetu. Kompyuta yenyewe ilipata washindani wawili, tarakilishi na ngamizi. La kwanza lingali likisikika, hasa Kenya, na la pili halikuenea sana nje ya kurasa za wataalamu. Kwa habari ya maana, wazo la utumishi lafaa lishikwe. Seva ni kompyuta ambayo hapana mtu akaaye mbele yake. Kompyuta nyingine za ofisini ndizo ziiombazo: nipe daftari hili, pokea barua hii, peleka ukurasa huu kwenye mashine ya kuchapia, nayo hujibu usiku na mchana. Ndiyo sababu haina kioo.

Seva nyingi za aina hii hukaa ndani ya kile kiitwacho kabati. Jina hilo lafuata umbo, kwani kabati lenyewe huweza kukosa milango, ubavu na hata rafu. Kiini chake ni nguzo za chuma zilizosimama wima, zenye matundu yaliyopangwa kwa kipimo, na kila mashine hufungwa kwa skurubu katika nguzo hizo au huteleza juu ya reli zilizoshikizwa humo. Kipimo hicho kimeitangulia kompyuta. Yapata mwaka 1922 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, iliweka fremu zenye upana wa inchi 19 kwa ajili ya vyombo vya majumba yake ya kuungia simu, ili vipangwe kwa wingi mahali padogo. Upana huo, ambao ni milimita 482.6, ulirithiwa na mafundi wa redio, wa sauti, wa reli na wa maabara, na mwishowe ukawafikia watengenezaji wa kompyuta. Kimo nacho kina kipimo chake, kiitwacho U, ambacho ni inchi 1.75, yaani milimita 44.45, katika kila U moja nguzo ina matundu matatu. Kabati la kawaida lina U 42, karibu mita 1.87 za nafasi ya vyombo. Fundi asemapo kwamba seva hii ni ya U mbili, amekwisha kusema kwamba ishirini na moja za namna yake zaweza kujaza kabati moja.

Hapo ndipo siri ya umbo lake ilipo. Kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Compaq iliyotengenezwa makusudi kwa utumishi wa namna hii, SystemPro ya mwaka 1989, ilikuwa sanduku la kusimama sakafuni, na ofisi iliweza kuiweka pembeni mwa chumba kama jokofu dogo. Jina la ProLiant lilifuata mwaka 1993. Kadiri makampuni yalivyohitaji seva kumi, hamsini, mia, kusimamisha masanduku sakafuni kukawa ni kupoteza nyumba. Mashine zikalazwa na kupachikwa kabatini. Katika ukoo wa ProLiant, zile za kabatini zikapewa herufi DL, na DL380, yenye kimo cha U mbili, ikawa mojawapo ya seva zilizojulikana sana duniani. Hewlett-Packard iliinunua Compaq mwaka 2002 na kuliendeleza jina. Mwaka 2006 kilitoka kizazi chake cha tano, na mwaka huohuo kampuni ya Dell, nayo ya Texas kama ilivyokuwa Compaq, ikatoa PowerEdge 2950. Mashine hizi mbili zafaa kuwa mfano, kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi na zimeonekana kwa miaka mingi katika maduka ya mitumba.

Mtu akikifungua kifuniko cha PowerEdge 2950 ataona jinsi kila kitu kilivyopangwa kwa ajili ya upepo. Mbele zipo diski, sita zikiwa za inchi 3.5, nyuma yake safu ya feni, nyuma ya feni mna prosesa mbili aina ya Xeon zilizofunikwa kwa vipoza joto vikubwa, na kando yake nafasi nane za kumbukumbu, mwishoni kabisa vyombo viwili vya kupokelea umeme. Upepo huingia usoni na kutokea mgongoni. Urefu wake kwenda nyuma wapata sentimita 75, na uzito wake, ikiwa imejaa, wapita kilo 20, kwa hiyo meza ya kawaida ya ofisi yaweza kuibeba lakini haiwezi kuipa pumzi nyuma. Karibu kila kiungo chenye kuzunguka au kuchoka ni viwili au zaidi. Chombo kimoja cha umeme kikifa, mwenzake hushika mzigo wote. Diski hufungwa katika trei, na fundi huweza kuichomoa iliyoharibika na kutia nyingine huku makarani wakiendelea na kazi yao. Kompyuta ya mezani haina fadhila hiyo, na hapana shaka kwamba hii ndiyo sifa iwavutayo wengi.

Sifa hiyo yastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lililoeleza namna ya kuziunganisha diski nyingi za bei ndogo zifanye kazi kama diski moja isiyokufa upesi. Mpango huo waitwa reidi. Katika daraja lake la kwanza diski mbili huandikwa maneno yaleyale, moja ikawa kivuli cha nyingine. Daraja la tano ni la werevu zaidi, na mtunza hesabu ataliona kuwa si geni. Mathalan karani ameandika namba tano, na pembeni akaandika jumla yake. Namba moja ikifutika, yoyote iwayo, yeye huzitoa zile nne zilizosalia katika jumla, na iliyopotea hurudi. Reidi ya tano hutumia hesabu ya namna nyingine iliyo nyepesi kwa mashine, lakini maana yake ndiyo hiyo: diski sita za gigabaiti 300 kila moja hutoa nafasi ya diski tano, yaani gigabaiti 1,500, na iliyobaki ni bei ya kuweza kufiwa na diski moja. Zikifa mbili kabla ya ya kwanza kufidiwa, vyote vimekwenda.

Sasa mwenye duka aliyeelezwa haya huamini kwamba daftari zake ziko salama, wala hahitaji nakala nyingine. Huko ndiko kukosea. Reidi humkinga na kifo cha diski. Haimkingi na mkono wa karani afutaye orodha nzima kwa bahati mbaya, kwa kuwa ufutaji huo huandikwa kwa uaminifu katika diski zote kwa dakika ileile. Haimkingi na mwizi, wala na moto, wala na programu ovu zinazofunga mafaili na kudai fidia. Tena diski za mtumba huwa na umri mmoja: zilinunuliwa pamoja, zikazunguka pamoja mara 10,000 au 15,000 kwa dakika kwa miaka kadhaa, na yakikaribia mauti hukaribia kwa wakati mmoja. Saa za hatari kubwa ni zile za kufidia, diski mpya ikiisha kutiwa na zile kongwe zikilazimika kusomwa mwanzo hadi mwisho bila ya kupumzika.

Jambo jingine limejificha zaidi. Kazi ya kuzigawia diski maneno haifanywi na prosesa kubwa za mashine, hufanywa na kadi maalumu. Ili kuongeza mbio, kadi hiyo hupokea maneno katika kumbukumbu yake yenyewe na kutoa jibu kwamba yamekwisha kuandikwa, ilhali bado hayajafika diskini. Umeme ukikatika katika nafasi hiyo, betri ndogo iliyofungwa kwenye kadi huyahifadhi mpaka umeme urudi. Betri hiyo huchoka baada ya miaka michache. Ikiisha kufa, kadi iliyotengenezwa vema huacha ujanja wake na kuandika moja kwa moja diskini, na mashine huonekana imekuwa nzito. Basi fundi asiye na subira huilazimisha kadi irudie mwendo wa zamani bila ya betri, na siku ya giza hesabu za saa ya mwisho hupotea, na pengine mpangilio wa faili zima. Katika miji ambamo umeme hukatika bila ya taarifa, betri hii ya kipande kidogo ni kubwa kuliko prosesa zote mbili. Na kadi yenyewe ikifa, diski zake haziwezi kupachikwa tu katika kompyuta yoyote na kusomwa. Yatafutwe mapacha ya kadi, au jamaa yake wa karibu. Hata zikiwa nzima, kadi za wakati ule zina mpaka: PERC 5/i na PERC 6/i zilizofungwa katika PowerEdge 2950 hazitambui diski iliyozidi terabaiti 2.

Huenda msomaji akauliza kwa nini basi makampuni yenye fedha yaliziacha mashine ambazo hazijaharibika. Sababu ya kwanza ni ya mkataba: dhamana ya mtengenezaji huwa ya miaka mitatu hadi mitano, na baada ya hapo kila tengenezo lina bei. Sababu ya pili ni programu za kuigawa mashine moja iwe kama nyingi, ambazo kampuni ya VMware ilianza kuziuza kwa ajili ya seva mwaka 2001. Hapo awali kila kazi ilikuwa na seva yake, na nyingi zilikaa muda mrefu bila ya kufanya kitu; baadaye kumi kati yake ziliweza kuingizwa ndani ya mashine moja mpya yenye kumbukumbu kubwa. Zile kumi hazikushindwa kazi. Zilionekana kuwa zinakula umeme na nafasi ya kabati kwa utumishi mdogo.

Utumishi huo mdogo ndio hasa utakiwao na ofisi ndogo. Mwaka 2003 kampuni ya Microsoft ilitoa Small Business Server, mkusanyo ulioweka katika mashine moja barua, mafaili na majina ya watumiaji, na haukuruhusu zaidi ya watu 75. Seva za siku hizo ziliubeba. Programu ya hesabu kama Tally, iliyoanzia Bangalore mwaka 1986 na ijulikanayo vema katika maduka ya Afrika Mashariki, haiwezi kuchosha prosesa mbili za Xeon hata zikiwa za mwaka 2006, watumiaji wakiwa kumi. Kwa nguvu ya kukokotoa, basi, mashine kongwe yatosha, na atakayesema kwamba haifai kwa sababu ni dhaifu amekosea sababu.

Gharama imo katika ulaji wake. Kumbukumbu za kizazi hicho zilikuwa za aina ambayo kila kipande kina chipu yake ya kupokezana habari, nayo huwaka joto daima, iwe na kazi au isiwe. Tuseme seva nzima yavuta wati 250 saa zote. Mwaka una saa 8,760. Hesabu yake ni yuniti 2,190 za umeme. Kompyuta ndogo ya kisasa ivutayo wati 30 ingekula yuniti 263 tu kwa muda huohuo. Tofauti ya yuniti 1,927 kila mwaka, ikizidishwa kwa bei ya umeme ya mahali, yaweza kuipita bei ya seva ya mtumba upesi kuliko mnunuzi alivyotazamia. Na kwa kuwa wati zote hizo hugeuka joto, penye kiyoyozi umeme hulipwa mara ya pili ili joto hilo litolewe nje. Kuna na kelele. Katika seva za U moja feni zina upana wa milimita 40 tu, na ili zipitishe upepo wa kutosha huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Katika jumba la seva hapana mtu wa kukereka. Katika chumba cha karani, mwenye chombo hukizungushia kabati la mbao ili kupunguza mlio, na kwa kufanya hivyo amekiziba pua.

Upande wa programu mashine huzeeka kwa tarehe. Windows Server 2003 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Julai 2015, na Windows Server 2008 tarehe 14 Januari 2020. Seva inunuliwayo ikiwa na mojawapo ndani yake haifai kuunganishwa na intaneti. Linux hutajwa kuwa ndiyo kimbilio, na kwa sehemu kubwa ndivyo, ila hata huko milango yafungwa mmojammoja. Red Hat Enterprise Linux 9, ya mwaka 2022, yadai prosesa yenye amri ambazo Xeon za mwaka 2006 hazina. Debian, ambayo haina sharti hilo, bado huzipokea. Mlango wa usimamizi wa mbali, ambao kwa HP waitwa iLO na kwa Dell DRAC, ulikuwa fahari ya seva hizi, kwa kuwa fundi aliweza kuiwasha na kuizima akiwa mji mwingine. Lakini ulijengwa kwa njia za siri ambazo vivinjari vya leo huzikataa kwa kuwa zimekwisha kuvunjika, hivyo mlango huo yafaa ufungiwe ndani ya mtandao wa ofisi peke yake.

Yaliyo hatarini yaweza kutajwa kwa mfano wa sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yamtaka mlipa kodi azihifadhi kumbukumbu zake kwa miaka 5. Seva iliyotengenezwa mwaka 2006 au 2010 ikiwekwa kuwa mtunzaji wa pekee wa kumbukumbu hizo, inaombwa iishi miaka mingine mitano baada ya uzee wake, bila ya dhamana, kwa vipuri vitokavyo katika maiti za wenziwe. Kwa kazi hiyo haifai. Yafaa, na yafaa sana, kwa kazi ya pili: kupokea kila jioni nakala ya daftari zilizo katika mashine nyingine, kisha izimwe mpaka kesho, ambapo ulaji wake wa umeme na mlio wake havimdhuru mtu. Yafaa pia katika vyuo. Mwanafunzi akifungua seva hii huona kwa macho yale ambayo kitabu humweleza kwa maneno, na akiharibu reidi kwa makusudi ili ajifunze kuifidia, hapana duka lililofilisika.

Aliyeamua kununua hupendelea, akiwa na hekima, mbili zinazofanana badala ya moja, ya pili iwe ghala la vipuri. Hutaka reli za kabati zije pamoja nayo, kwa kuwa kila mtengenezaji ana zake na ni vigumu kuzipata baadaye. Hutia betri mpya kwenye kadi na diski mpya katika trei, na huweka mbele yake betri kubwa ya akiba ya umeme. Zile diski za zamani yapasa zitazamwe kwa jicho jingine. Mara nyingine huja na hesabu, mishahara na barua za mwenye mali wa kwanza, aliyedhani kwamba kuziondoa kwenye kabati ni kuzifuta, na mnunuzi mwaminifu huziandika upya kwa sifuri tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kuzisoma. Kwa diski ya gigabaiti 300 kazi hiyo yaweza kuchukua saa moja au zaidi, nayo hufanyika mashine ikiwa mezani, kifuniko kikiwa kimefungwa, maana upepo wake haupiti sawasawa kikiwa wazi.